Chupa Mbili za Ndeshi

Sipendi harufu ya selotepu. Nalisema mapema msije mkaniona mtu wa ajabu, maana selotepu ndiyo inayonilisha. Kila robota la nguo linalotoka Guangzhou kwenda kwetu huvishwa kiroba, kisha huzungushiwa ile selotepu ya njano tabaka juu ya tabaka, mpaka ukiligonga linagonga kama mlango. Mimi ni mkalimani wa wafanyabiashara. Nashinda nayo, narudi nayo nyumbani imenata kwenye mikono ya sweta. Wenzangu huniambia nitazoea. Nitazoeaje kitu nilichokijua kabla sijajua kusoma?

Juzi mchana nilikuwa kwa Mama Zuu, mtaa wa Dengfeng, nasubiri pilau. Mama Zuu ni mama wa Mombasa mwenye mgahawa, na nusu yetu tuliopita huku tumelelewa na chungu chake. Mlangoni vijana wawili walikuwa wanafunga mzigo wa mteja, selotepu inalia krrr, krrr, harufu inaingia mpaka kwenye glasi ya maji. Ukutani televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Nikainua macho tu, kama mtu anavyoinua macho akiwa na njaa. Nikaona chumba cha wanafunzi wa chuo, vitanda vya ghorofa, na msichana mwenye nywele za kusuka amesimama karibu na mlango, kashika chupa mbili nyekundu za chai. Jamani! Nilishika meza. Yule alikuwa Ndeshi. Sikuwa nimemwona tangu utotoni, na sikuwahi kujua aliishia wapi.

Nililetwa Guangzhou nikiwa sina meno ya mbele. Mama alitangulia, akaniacha kwa Bibi huko Kibosho, Moshi, nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kisha siku moja uvumilivu ukamwisha, akamwomba mteja wake wa Mwanza, Mama Kulwa, aje nami kwenye safari yake. Pale uwanja wa ndege sikumtambua. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaniitikia vizuri tu, halafu akageuka akautazama ukuta kwa muda mrefu. Nikadhani ukutani kuna kitu kizuri, na mimi nikautazama.

Alikuwa amepanga kunitafutia shule. Shule zilitaka makaratasi ambayo yeye hakuwa nayo, kwa hiyo nikasoma chumbani kwetu. Chumba kilikuwa kwenye kichochoro cha Xiaobei, nyumba zimebanana kiasi kwamba ungeweza kumpa jirani chumvi dirishani bila kuinuka. Ndani tulikuwa mimi, mama, na marobota mpaka darini. Mama naye alikuwa anatuma mizigo yake midogomidogo, na kila mfanyabiashara huku ana alama yake inayoandikwa kwa maka peni juu ya robota, ili likifika bandarini lisichanganyike na la mwingine. Alama ya mama ilikuwa MANKA MOSHI. Manka ni mimi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosoma maishani mwangu, na niliamini kwa moyo wote kwamba kila kitu kilichomo humo ni changu. Nililala juu ya mali zangu kama mfalme.

Siku nyingine alinichukua kwenda naye sokoni Shisanhang, kule kwenye maghorofa ya nguo za jumla, ambako kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya mteja na mwenye duka. Mwenye duka huku anaitwa laoban, yaani bosi, na laoban mmoja simsahau: mwanamke mwembamba, kikokotoo mkononi muda wote. Mama Kulwa alikuwa anapekua magauni yake.

"Mwambie huyu," Mama Kulwa akasema, "hizi nguo zimeshonwa na kipofu. Nyuzi zinaning'inia kama sharubu za kambare. Apunguze bei, la sivyo naondoka."

Mama akamgeukia laoban, akasema maneno laini, anatabasamu. Laoban akarusha mikono juu, akapiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia. Akaonyesha ngazi kwa kidole. Mama akatikisa kichwa kwa heshima, akamgeukia Mama Kulwa.

"Anasema amefurahi kukuona tena. Kwa ajili yako atajitahidi, ila usimwambie mtu."

"Mungu ambariki jamani," Mama Kulwa akasema, na uso wote ukalainika. Akanunua, na laoban akapokea pesa huku bado anafoka.

Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza mama mbona yule alikuwa anapiga kelele. "Wakifurahi ndivyo walivyo," akanijibu. Wiki nzima nilidhani mtaa wetu umejaa watu wenye furaha ya kupita kiasi. Nilipokuja kujifunza lugha yao ukubwani, yale maneno yalinirudia yenyewe siku moja nikiwa kwenye basi: laoban alikuwa anasema chukua watu wako, tokeni, msirudi hapa. Ukalimani wa huku uko hivyo hata leo, nami naufanya. Husemi kilichosemwa. Unasema kile kitakachomfanya mtu asiondoke. Ushahidi wote wa jinsi mama alivyotafsiri nilikuwa nao mbele ya macho yangu, na wala sikuuona.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka zile diski, mnajua ulikuwa unazipuliza, unazifuta kwa fulana, unaomba Mungu. Mama alinunua deki kuukuu, na kwenye daraja la waenda kwa miguu akanunua diski moja kwa mtu aliyetandaza vitu chini. Ilikuwa ni vichekesho vya wasichana wanne wa chuo wanaoishi chumba kimoja. Wanagombania kioo, wanaibiana biskuti, wanamficha paka ili mlezi wa bweni asimwone. Mimi sikuelewa hata neno. Mama akirudi jioni alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akaegemea robota, akanitafsiria. Ndiye aliyewapa majina. Mnene alikuwa Kibonge, wa miwani alikuwa Mwalimu, yule mwenye kulala muda wote alikuwa Gogo. Na mwenye nywele za kusuka, mpole, aliyekuwa hakosi kitu mkononi, huyo alikuwa Ndeshi.

Niliipenda sehemu moja tu, ya mwisho kwenye ile diski. Ndeshi anachukua chupa mbili nyekundu. Wenzake wanamkimbilia, wanamkumbatia miguu, wanagaragara sakafuni wanalia. Anawapungia mkono, anashika kitasa. Na watu ambao hawaonekani wanacheka, wanacheka kwelikweli. Nilitaka tuirudie kila jioni. Mama hakuchoka. Mwanzoni aliniambia Ndeshi anakwenda sokoni na wenzake wanamtania. Hizo chupa? Za chai, aende akiuza. Basi, tukacheka.

Sikujua kwamba viza yangu ilikuwa ya matembezi na ilikuwa inafika mwisho. Wala sikujua kwamba ya kwake ilishakufa zamani, kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi, na kwamba akibaki hana mahali pa kusimama wazi. Nilichokiona ni Ndeshi tu anabadilika.

"Jana ulisema anakwenda sokoni," nikalalamika.

"Jana sikumsikia vizuri. Leo nimemsikia."

"Anasemaje?"

Mama alikuwa anajikanda kifundo cha mguu ndani ya beseni. "Anasema ana mtoto. Inabidi wawe mbalimbali kidogo, yeye afanye kazi, ili mtoto asome. Naye aje akae chumba kama hiki na wenzake, kila mtu na kitanda chake. Anawaambia wasilie."

"Na hizo chupa?"

"Chai. Safari ndefu haiendwi bila chai."

"Mbona hawa wanalia, na wale wengine wanacheka?"

Hapo akaacha kujikanda, akaitazama televisheni. Nilidhani anawasikiliza. "Wanaolia ni wale wasiojua mwisho," akasema. "Wanaocheka wameshaiona yote. Wanajua watarudiana."

Mwisho wenyewe sikuwahi kuuona. Ndeshi akishafungua mlango tu, diski ilikwama, uso wake ukakatika vipande vidogovidogo vya rangi, ikaishia hapo. Kila siku hapohapo. Nikamuuliza mama kama kweli Ndeshi alirudi. Alirudi. Umeona? Nimeona, diski ilipokuwa mpya. Diski aliinunua mbele yangu, darajani, tayari imekwaruzwa kama imechezewa na kuku. Lakini mtoto anayetaka kuamini hahitaji msaada mwingi.

Siku ya kuondoka Mama Kulwa alikuja kunichukua, nami nimevaa koti jipya. Uwanjani mama alipiga magoti akafunga zipu ya lile koti, na zipu ilikuwa imeshafungwa. Akaifungua, akaifunga tena. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikakumbuka. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu zangu zote, mdomo wazi, mapengo nje, watu wakageuka.

"Manka, unacheka nini?"

"Mimi najua mwisho," nikamwambia.

Nilimwona alivyoelewa. Uso ulimvunjika, akaukusanya haraka, halafu akacheka na yeye. Alicheka huku ameshika mdomo, mabega yanaruka, na sisi wawili tukachekeana pale mpaka tukaitwa.

"Heee! Makubwa haya," Mama Kulwa akasema. "Watu wanaagana kama wametoka harusini!"

Huo ndio uso wa mama niliobaki nao. Watu wengine wana uso wa mama anayelia wakiondoka, wanajua walikuwa wanaagwa. Mimi nina uso unaocheka, na hadi leo sijui niufanyie nini.

Kibosho nilikaa nikingoja bila wasiwasi wowote. Mama alipiga simu Jumapili, kisha Jumapili nyingine zikapita bila simu. Marobota yalikuja, MANKA MOSHI, yanashushwa uani kwa Bibi, na sisi watoto tunayazunguka. Baba mdogo akishika kisu kuchana selotepu, mimi nilisimama mbele kabisa kwa sababu jina ni langu. Gauni la kwanza kutoka lilikuwa langu, bado lina harufu ya gundi. Watoto wa jirani walikuwa na mama zao jikoni. Mimi nilikuwa na harufu ile, na ilinitosha, maana nilijua mwisho.

Kisha siku moja nikatoka shule nikakuta ua umejaa watu. Masufuria makubwa yametoka kanisani. Bibi akaniita, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia, "Mama yako anarudi Jumamosi."

Kwetu mtoto haambiwi. Mtoto huambiwa mama amelala, mama amesafiri, mama anarudi, na anayesema hivyo anaona amekuonea huruma. Mama alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu. Mama Zuu alinisimulia nikiwa mtu mzima: alikohoa mle chumbani muda mrefu, kila akiambiwa twende hospitali anajibu kesho, kwa sababu hospitali wataomba pasipoti. Walipombeba kwa nguvu, mapafu yalikuwa yameshakwisha. Mchagga hazikwi ugenini, huzikwa kihambani kwao, shamba la ukoo, kwenye migomba. Wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya wakachanga, wakamrudisha. Na kwa kuwa wale ni watu wanaojua kufunga kwa namna moja tu, waliogopa sanduku lake la mbao litaumia njiani. Wakalivisha viroba. Wakalizungushia selotepu ya njano. Mama Zuu akachukua maka peni akaandika juu yake MANKA MOSHI, kwa sababu, aliniambia, chini ya jina hilo mzigo wa mama yako haukuwahi kupotea hata siku moja.

Jumamosi nilivaa gauni la Guangzhou lililokuwa limeanza kunibana. Pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kila mtu alikuwa analia, na mimi niliwaonea huruma, maskini, hawajaiona yote. Sanduku likatolewa. Nikasoma jina langu. Nikafurahi, mzigo umefika. Nikachungulia nyuma yake, kwenye ule mlango lilikotokea, nikaanza kucheka. Shangazi yangu akanifinya. Nikamwambia Bibi, "Usilie, Bibi. Anakuja nyuma ya mzigo."

Bibi hakunijibu. Laiti angenijibu! Hata neno moja la ukweli, hata kofi. Tulipofika nyumbani wakaliweka uani, palepale pa siku zote, na baba mdogo akashika kisu. Krrr. Ile harufu ikapanda. Nikapenya katikati ya miguu ya watu, nikasimama mbele kabisa, mikono nimeinyoosha kupokea gauni la kwanza. Kiroba kikadondoka, mbao zikatolewa. Ndani kulikuwa na jeneza jeupe lenye msalaba. Bado nilikuwa nimenyoosha mikono. Mtu fulani alinibeba akanipeleka jikoni, sikumbuki nani, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nauliza yuko wapi, na hakukuwa na mtu wa kunitafsiria.

Msinitafutie funzo hapa, halipo. Watu huniambia mama yako alikupenda. Najua alinipenda. Nilijifunza Kichina kwa hasira, nikaja huku kwa hasira, na kazi yake naifanya kwa hasira, hata wateja wakisema nina ulimi wa asali. Kama kuna siku nilitaka kumsamehe, basi siku hiyohiyo nilitaka pia kumuuliza: uliona faida gani, mama, kunifundisha kucheka? Kuna mambo ambayo hayana anayeulizwa tena.

Basi, juzi, kwa Mama Zuu. Pilau imekuja, sikuigusa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nawasikia wale wasichana wanachosema, neno kwa neno. Kibonge alikuwa anasema mvua hiyo, utalowa, tutakukumbuka, maskini wa watu. Mwalimu alikuwa anajifanya analia. Walikuwa wamecheza karata na Ndeshi akashindwa, na aliyeshindwa ndiye ashuke na chupa kuteka maji ya moto, maana kwenye vyuo vya huku maji ya moto huwa chini, unakwenda na chupa yako. Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na kazi ya mbali wala chai ya safari. Watu wale wasioonekana walikuwa wanacheka kwa sababu ni mvua tu na karata tu.

Ndeshi akashika kitasa, akafungua mlango. Nikangoja uso wake ukatike vipande. Haukukatika. Akatoka, mlango ukafungwa, wenzake wakafungua vikopo vya tambi wakakaa wakingoja. Haikupita hata dakika mlango ukafunguliwa. Akaingia amelowa, nywele zimemganda shingoni, chupa zimejaa. Akawamiminia. Mvuke ukapanda. Wakacheka.

"Wasemaje hao?" Mama Zuu akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu na birika, anapangusa mkono kwenye leso. Kwa miaka yote ya kukaa huku, Kichina chake hakijavuka bei za vitunguu. "Mbona wacheka hivyo?"

Mimi ni mkalimani. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, sahihi kabisa.

"Huyo msichana mwenye nywele za kusuka," nikasema, "ana mtoto. Anakwenda kufanya kazi mbali. Hao wanaocheka wanajua kwamba atarudi."

Mama Zuu akatazama juu. Ndeshi alikuwa ameketi kitandani kwake, anapuliza tambi zake.

"Ah, we Manka! Si huyo hapo ashaketi, ala? Mbona kesharudi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Yeye kesharudi."